Jinsi ya kupima pampu inayotoa dawa kwenye seli za saratani ya utumbo mpana

Doksorubisini na paklitakseli, dawa za saratani, huingia ndani ya seli, lakini P-glaikoprotini, pampu ya protini iliyokaa kwenye utando, huzinasa na kuzirudisha nje kwa nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Hapo dawa haifikii kiwango cha kuua. Rodamini 123, rangi ing'aayo, hutolewa na pampu hiyohiyo, ndiyo maana tunaitumia kupimia.

Chukua HCT-15, seli za saratani ya utumbo mpana zenye pampu nyingi kiasili, na HCT116 zenye chache sana za kulinganishia. Kila aina iwe na mirija minne, kila mmoja seli hai 500,000 katika mililita 1 ya midia, kimiminika cha kukuzia seli.

Mrija wa kwanza usitiwe rangi. Mitatu iliyobaki itie rodamini mikromola 1, uifunike kwa foili na kuiweka yote kwenye barafu dakika 30. Kwenye baridi pampu karibu husimama, hivyo rangi huingia bila kutolewa. Osha mara mbili kwa bafa ya fosfeti iliyopoa. Hapa ndipo wengi huharibu: bafa ikiwa ya uvuguvugu, pampu huanza kazi kabla hujaanza kuhesabu muda.

Sasa tia midia isiyo na rangi. Mrija wa pili ubaki kwenye barafu. Wa tatu na wa nne weka kwenye nyuzi 37 kwa dakika 60, wa nne ukiwa na verapamili mikromola 50, ambayo huziba pampu. Mirija yote ipate DMSO, kiyeyusho cha verapamili, kwa kiasi sawa, asilimia 0.1. Rudisha kwenye barafu, osha, ongeza propidiamu ayodaidi, rangi inayoingia seli zilizokufa, ili uziondoe kwenye hesabu, kisha soma kwa saitomita, mashine inayopima mng'ao wa seli moja moja: leza ya nanomita 488, mng'ao karibu na 530.

Toa thamani ya mrija wa kwanza kwenye mingine yote, halafu gawanya wa nne kwa wa tatu. HCT116 hukaribia 1. HCT-15 huzidi waziwazi. Wa nne nao ukishuka chini sana ya wa pili, usiilaumu pampu upesi. Rodamini hushikwa na mitokondria, sehemu za seli zinazotengeneza nishati, nazo zikidhoofika rangi huvuja yenyewe.

Kipimo hiki hakitoshi kwa irinotekani, dawa nyingine ya saratani hii. SN-38, umbo lake lenye nguvu, hutolewa zaidi na ABCG2, pampu nyingine, ambayo kwa umbo lake la kawaida haichukui rodamini. Kwa pampu hiyo tumia mitoksantroni, dawa ing'aayo, badala ya rodamini, leza nyekundu, na Ko143 mikromola 1 kama kizuizi.