Jinsi ya kumfuatilia mbunge mmoja ndani ya Hansard: mfano wa Eleanor Rathbone, 1929–1939

Ukitaka kujua mbunge wa Uingereza alisimamia nini kati ya vita kuu mbili, anza na maneno yake bungeni, yaliyomo katika Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge la Uingereza, kabla ya kusoma wasifu wake. Namchukua Eleanor Rathbone kwa sababu alikuwa mbunge huru, aliyechaguliwa na wahitimu wa vyuo vikuu vya England. Hakuwa na chama cha kumwamuru, kwa hiyo hoja alizozishikilia alizichagua mwenyewe.

Hatua ya 1: Weka mipaka ya miaka. Aliingia bungeni 1929 na akabaki hadi alipofariki Januari 1946. Sisi tunaishia Septemba 1939.

Hatua ya 2: Fungua Hansard ya zamani mtandaoni. Kila mbunge ana ukurasa wake, michango ikiwa imepangwa kwa miaka. Usiutegemee ukurasa huo peke yake. Vitabu vilipigwa skani, maandishi yakasomwa na kompyuta, na baadhi ya michango haikuunganishwa na jina la msemaji. Tafuta pia “Miss Rathbone”, maana waandishi wa Bunge walimwandika hivyo.

Hatua ya 3: Soma mjadala mzima. Hapa usiwe na haraka. Fungua tarehe 11 Desemba 1929, juzuu ya 233, mjadala kuhusu sera ya makoloni. Mbunge mwanamke mwenye cheo cha Duchess of Atholl, wa chama cha Conservative, anaeleza ukeketaji miongoni mwa Wakikuyu wa Kenya. Rathbone anaunga mkono suala hilo na kudai kwamba haki za wenyeji ziwafikie wanawake pia. Ukichomoa sehemu yake tu, hutaona aliyetangulia, aliyemkatiza, wala serikali ilivyojibu.

Kisha jiulize nani hayumo. Mwaka huohuo Kikuyu Central Association, chama cha kisiasa cha Wakikuyu, ilimtuma Jomo Kenyatta London kupeleka malalamiko ya ardhi, lakini ukumbini hakuwa na kiti. Wanawake waliozungumziwa hawakuwa na msemaji wao kabisa. Kwangu huu ndio upungufu mkubwa wa chanzo hiki, na lazima uutaje unapoandika.

Hatua ya 4: Pitia maswali kwa mawaziri. Ni mafupi, na wengi huyaruka. Kwa Rathbone ni hazina, hasa kuanzia 1938, alipowabana mawaziri kuhusu wakimbizi waliokimbia utawala wa Hitler. Soma swali, jibu, na swali la nyongeza kwa pamoja. Mara nyingi msimamo wake hujitokeza kwenye la nyongeza.

Hatua ya 5: Fuata majina ya jirani. Yuleyule Atholl alisafiri na Rathbone kwenda Hispania 1937, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, pamoja na Ellen Wilkinson, mbunge wa chama cha Labour. Ukimtafuta Atholl, ukurasa wake uko chini ya jina lake mwenyewe, Katharine Stewart-Murray.

Hatua ya 6: Nakili rejea papo hapo. Andika tarehe, juzuu na namba ya safu (column) ya maandishi. Hansard huhesabu safu, si kurasa.