Jinsi ya Kupata Jalada Lako la Mahakama ya Watoto Kabla ya Kununua Bunduki Marekani

Tangu Rais Joe Biden alipotia saini sheria ya silaha ya tarehe 25 Juni 2022, mnunuzi wa bunduki ambaye hajafikisha miaka 21 huchunguzwa hadi mambo ya utotoni mwake. Aliyewahi kufikishwa mahakama ya watoto aanzie kwenye masjala ya mahakama iliyosikiliza kesi yake, si dukani.

Nenda na kitambulisho chenye picha pamoja na namba ya kesi, kama unayo, uombe nakala ya uamuzi wa mwisho iliyothibitishwa kwa muhuri. Usitosheke na kauli ya mzazi kwamba "yale yalishafutwa", kwani jalada lililofungwa kwa siri bado lipo, na sheria ya jimbo ndiyo inayosema nani aruhusiwe kulifungua, ilhali lililoteketezwa ni jambo jingine kabisa. Mwombe karani akuonyeshe neno lenyewe lililoandikwa katika amri ya hakimu. Wengi huteleza hapo.

Dukani utajaza Fomu 4473, yaani fomu ya serikali kuu ambayo kila mnunuzi wa bunduki hujaza kwa muuzaji mwenye leseni. Namba ya Hifadhi ya Jamii si lazima, lakini ijaze, hasa ikiwa uliingia nchini kama mkimbizi ukaandikiwa kuwa ulizaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu wanaochangia jina na tarehe hiyo ni wengi na ni rahisi kubebeshwa kesi ya mwingine.

Muuzaji hupeleka taarifa zako FBI, na katika baadhi ya majimbo kwa idara ya jimbo lenyewe. Wachunguzi huuliza watunzaji wa rekodi za watoto, watunzaji wa rekodi za afya ya akili na polisi wa unakoishi. Majibu husubiriwa siku 3 za kazi, ambazo huweza kufika 10 kukiwa na jambo la kufuatilia.

Ukikataliwa, usigombane na muuzaji, maana naye haelezwi sababu. Chukua kwake namba ya muamala, kisha uwasilishe pingamizi FBI kwa tovuti yao au kwa posta, ukiambatisha alama za vidole na ile nakala yenye muhuri. Sheria inawapa siku 60 kuamua. Ukishinda, omba pia kuwekwa katika faili la hiari la rufaa, ambalo hukupatia namba binafsi ya kuandika kwenye Fomu 4473 kila utakaponunua tena.