Kabla Shule ya Lamu Haijanunua Mashine ya Leza

Muuzaji ataanza na wati. Mwache amalize, kisha muulize mashine yake inachora juu ya nini, maana leza si moja. Ya dayodi hutoa mwanga wa buluu wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 450. Huo huunguza mbao na ngozi vizuri, lakini hupita kwenye akriliki angavu bila kuikata. Ya kaboni dioksidi ina mwale wa nanomita 10,600 usioonekana kwa macho, nayo hukata plaiwudi na akriliki ya kila rangi, ila chuma kitupu huishinda. Vyuma vina leza yao, ya faiba, na sioni karakana ya shule ikiihitaji mwanzoni.

Tukirudi kwenye hizo wati, uliza kama ni za mwale wenyewe au za umeme unaoingia. Dayodi iliyoandikwa 40 kwa herufi kubwa huenda mwale wake ni wati 5 tu, na tangazo halisemi.

Kazi ambayo mashine hii ingefaa zaidi hapa kwetu ni kuchora ruwaza juu ya ubao, kisha mwanafunzi aimalize kwa patasi na nyundo. Leza huunguza juu juu. Kina cha nakshi za milango ya Lamu hakitoki humo, na anayemwahidi mwalimu vingine anauza maneno. Shida ni urefu: mfaa wa mlango, ule ubao wa katikati uliosimama, hauingii kwenye meza ya sentimita 60. Zipo mashine zenye upenyo mbele na nyuma wa kupitisha ubao mrefu, lakini upenyo ukiwa wazi, mwale nao una pa kutokea. Kwa watoto ningechagua sanduku lililofungwa, leza ikate stensili ya karatasi ngumu kwa vipande, na penseli ifanye kazi iliyobaki kwenye mfaa.

Hapo kwenye sanduku nisingelegeza kamba hata kidogo. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60825-1 huweka leza katika madaraja. Mashine ya fremu wazi, hata ile ndogo ya bei rahisi, kwa kawaida ni daraja la 4: mwale wake, hata ukiakisiwa tu, huweza kuharibu jicho kabla mtu hajapepesa. Iliyofungwa vyema hufikia daraja la 1, lililo salama zaidi. Fungua mfuniko mwenyewe mashine ikiwa kazini. Mwale usipozimika papo hapo, rudisha. Miwani ya kinga lazima iandikwe nanomita za leza ile ile. Miwani ya plastiki angavu inayozuia mwale wa kaboni dioksidi huupitisha wa buluu kama dirisha.

Moshi utoke nje kwa feni na bomba, na kwa kuwa vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba, bomba lipande hadi juu ya paa, lisimalizikie dirishani kwa jirani. PVC na ngozi bandia iliyotengenezwa kwa PVC zipigwe marufuku kabisa. Zikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inayochoma mapafu na kula reli za mashine kwa pamoja. Mashine isiachwe peke yake ikifanya kazi, na kizima moto kiwe karibu na mlango.

Sasa joto na chumvi, ambavyo vitabu vya maelezo havivijui. Bomba la kioo la kaboni dioksidi hupozwa kwa maji, na hufurahia maji ya nyuzi 20 hivi. Ndoo na pampu, au kipoza cha feni peke yake, hakiwezi kushusha maji chini ya joto la chumba, na chumba cha Lamu mwezi wa Machi kinapita nyuzi 30. Kwa hiyo bei ya mashine ijumlishwe na kipoza chenye kompresa kama friji. Usikishushe mno pia: hewa yetu ina unyevu, na kioo kikiwa baridi sana kitatoka jasho karibu na nyaya za volti maelfu. Maji yawe yale safi yanayouzwa kwa kujazia betri za magari (si asidi!). Maji ya kisima yana madini, hupitisha umeme na kuacha ukoko.

Hewa ya bahari hutia kutu reli na ukungu kwenye lenzi. Mashine ifunikwe, reli zifutwe na kupakwa mafuta, na lenzi na kioo kimoja cha kuakisi mwale, vya akiba, vinunuliwe siku hiyo hiyo. Umeme uwe wa volti 240, upite kwenye stabilaiza, na maji yakikoma kuzunguka leza ijizime yenyewe. Programu nayo iweze kufanya kazi bila intaneti.

Bado kuna Mokowe, gati la bara la kuvukia kuja Lamu. Bomba la kioo huvuka kwa boti, hupanda ngazi za gati na kumalizia safari juu ya mkokoteni. Mkubaliane kwa maandishi nani analipa likivunjika njiani, na sanduku lifunguliwe mbele ya mletaji kabla mwalimu hajatia sahihi.