Kabla ya kuandikiana deni kwa Kiingereza

Kwanza jiulize kwa nini unataka Kiingereza. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, inataja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, kwa hiyo karatasi ya Kiswahili si ya daraja la pili. Lakini nawajua watu wa Nairobi: mkataba usio na Kiingereza tunauona kama haujavaa tai. Haya, ukishaamua, chunga vitenzi kuliko unavyochunga tahajia.

Tarehe, majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, shahidi anayewajua nyote. Hayo huhitaji kufundishwa.

Kinachozika watu ni lend na borrow. Sisi tunasema niazime sufuria, tena tunasema nimeazima sufuria, kitenzi kilekile, na hakuna anayepotea. Kiingereza hakina huruma hiyo: anayetoa ndiye ana-lend, anayepokea ndiye ana-borrow. Mama mmoja anayeuza mitumba Gikomba alimkopesha mwenzake wa kibanda cha pili shilingi 70,000 taslimu, za kununulia mzigo. Wakaenda saiba, kijana akachapa kwamba yule mama “has borrowed” mwenzake 70,000. Wote wawili wakaielewa sentensi vilevile, wakatia sahihi, wakaenda zao. Pengine isingeleta neno kama mdeni angeishi. Alifariki kabla ya kulipa chochote. Ndugu zake wakaikuta karatasi kwenye mkoba wake, wakampa jamaa anayejua Kiingereza cha vitabuni aisome, naye akawaambia kilichoandikwa: huyu wa mitumba ndiye aliyekopa. Wakamjia kibandani kumdai! Hakuna M-Pesa ya kuonyesha pesa zilitoka kwa nani, na shahidi alikuwa huyohuyo kijana wa saiba, ambaye hakumbuki lolote. Soko lilimsimamia mpaka wale ndugu wakaondoka, lakini zile 70,000 hazikurudi.

Kwa hiyo angalia neno dogo linalofuata. Lend huandamana na to, borrow huandamana na from. Na usiandike I na her. Andika majina yote mawili, kila mara, hata kama sentensi itachosha.

Halafu kuna kukubali, ambako Kiingereza kimekugawa mara tatu. Accept ni kupokea unachopewa. Agree ni kuafikiana. Admit ni kukiri, aghalabu jambo ambalo ungependa lisijulikane. Mtu akikuandikia kuwa “admits the debt”, itunze hiyo karatasi vizuri sana. Wewe ukiandika kuwa una-admit masharti yake, utachekwa tu.

Kukataa nako usikuchukulie mchezo. Aliye-refuse kulipa hataki kutoa pesa, ila hajasema deni halipo. Aliye-deny deni anakana kabisa kwamba lipo, na hapo kazi ya kulithibitisha ni yako. Ukienda Mahakama ya Madai Madogo, inayopokea madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, ukiwa na barua iliyochanganya hayo mawili, umejiongezea maswali bure.

Shall hulazimisha, may huruhusu. Ukiandika kuwa mdeni “may pay every Friday”, umempa hiari kwa mkono wako mwenyewe. Rent ni hatari kwa namna yake, kwa sababu mpangaji ana-rent na mwenye nyumba pia ana-rent. Taja nani ni tenant na nani landlord. Remind ni kumkumbusha mtu, remember ni kukumbuka mwenyewe.

Tuma pesa kwa simu, si mkononi. Kila upande ubaki na nakala. Usitie sahihi karatasi yenye nafasi tupu, wala usisomewe na anayekukopa. Na faili lifutwe kwenye kompyuta ya saiba kabla hujalipia uchapishaji.