Kabla ya kwenda Texas kwa ndugu mwenye bastola

Sisi wa Lubumbashi bunduki tumezoea kuiona begani mwa askari. Raia anayekwenda kununua mkate na bastola kiunoni, chini ya shati, hutushangaza. Texas ni kawaida: tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na zaidi ambaye sheria haimkatazi kumiliki silaha anaweza kuibeba bila kibali. Basi kabla hujapanda ndege Luano, mpigie simu unayemwendea umuulize wazi: yaya, unatembeaka na bastola? Usione haya. Ni kama kuuliza kama nyumbani kuna mbwa mkali.

Kisha jiangalie wewe mwenyewe. Mwenye viza ya matembezi hakubaliwi kuwa na silaha wala risasi, ila kwa ruhusa chache, kama ya mwenye kibali cha kuwinda. Kwa hiyo "nishikie kidogo" ni ya kukataa, hata ikitoka kwa papa mdogo. Na ile picha ya kutamba WhatsApp, umeinua bastola ya ndugu yako, utakuwa umejiandikia ushahidi.

Jambo linalowaponza wengi ni mlango. Barabarani ndugu yako hana kosa. Akivuka kizingiti, analo. Kwenye biro za serikali ya shirikisho, yaani ile Leta ya Washington, kama vile uhamiaji anakofuatilia karatasi zake, kibali cha jimbo hakimsaidii kitu. Kifungo hufika mwaka mmoja, na kwenye mahakama ya shirikisho miwili. Hata kisu cha mfukoni kina kipimo: makali yasifike inchi 2.5, kama sentimita 6 hivi. Siku ya miadi, bastola ilale nyumbani.

Shule ndiyo inayochanganya zaidi. Ndani ya jengo haiingii. Ila sheria ya shirikisho inahesabu pia futi 1,000 kuzunguka shule, karibu mita 300, na humwachia mwenye kibali cha jimbo husika, au aliyeifungia silaha sandukuni bila risasi. Sasa yule anayebeba bila kibali kwa kuwa Texas imemruhusu? Texas imemruhusu, Washington bado. Mkienda kuchukua watoto, muulize kibali kiko wapi kabla gari halijawashwa.

Maduka na makanisa hubandika matangazo mlangoni, yenye namba za vifungu vya sheria ya Texas: 30.06 inakataza bastola iliyofichwa, 30.07 inayoonekana. Yameandikwa Kiingereza na Kihispania. Kifaransa chetu hakina kazi pale. Baa yenye tangazo la 51% kwa wino mwekundu, yaani zaidi ya nusu ya mapato yake ni ya pombe inayonywewa pale, haitaki bastola kabisa.

Wakati wa kurudi, kama umeazimwa begi, lipekue kila mfuko, hata ule mdogo wa ndani wenye zipu. Risasi moja iliyosahauliwa humo, mashine ya uwanja wa ndege itaiona kabla yako.