Jinsi ya kujipanga serikali ikianza kufungua biashara na shule baada ya janga

Hii nimeiandikia watu wawili, mwenye biashara ndogo na yule ako kwa bodi ya shule, manake mimi niko pande zote mbili. Niko na hoteli ndogo ya chai na chapo hapa Nairobi na pia niko kwa bodi ya shule ya msingi ya mtaani kwetu. 2020, wakati wa korona, nilifungiwa huku na huku, nikafunguliwa huku na huku, na makosa yenye nilifanya yalinikula pesa na usingizi. Ugonjwa mwingine unaweza kuja, leo ama miaka kumi ijayo, na sitaki mtu arudie yale nilifanya.

Kwanza elewa hii. Kufungwa huja ghafla, kama mvua ya mawe, lakini kufunguliwa huja vipande vipande na kila kipande kina masharti yake. Angalia venye ilienda Kenya: mgonjwa wa kwanza alitangazwa 13 Machi 2020, siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akasema shule zifungwe, na tarehe 27 mwezi huo huo kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja asubuhi. Wiki mbili tu kila kitu kimekufa. Sasa hesabu kufunguliwa: hoteli zikaruhusiwa mwisho wa Aprili, kafyu ikasongezwa hadi saa tatu usiku mwezi wa sita, barabara za kutoka Nairobi na Mombasa zikafunguliwa Julai, ndege za nje Agosti, baa mwisho wa Septemba, watoto wa kwanza wakarudi shule Oktoba na wengine Januari 2021, na kafyu yenyewe ikaondolewa 20 Oktoba 2021, Mashujaa Dei. Sharti la kuvaa maski likaondolewa Machi 2022. Ni miaka miwili hiyo ya kufungua kitu kilichofungwa kwa siku kumi na nne. Kwa hivyo usipange pesa zako ukingojea siku moja kubwa, panga kwa vipande.

Ukisikia tangazo kaa na kalamu. Usisikilize furaha, sikiliza vitu vinne: ni nani amefunguliwa, kuanzia lini, kwa masharti gani, na hadi tarehe gani, juu matangazo mengi yalikuwa ya siku 21 ama 30 halafu yanaangaliwa upya. Na ujue Rais akimaliza kuongea bado kazi haijaanza, masharti yenyewe hutoka kwa wizara ya afya, halafu kaunti inaongeza yake, halafu kuna chifu na askari wa mtaa wenye wataelewa vile wataelewa. Mimi nilikosea hapo. 27 Aprili waziri wa afya Mutahi Kagwe aliposema hoteli zinaweza kufungua, mi nikasikia hilo neno kufungua na sikusikia kingine, nikanunua nyanya kreti mbili na unga bale moja, kesho yake saa kumi na moja asubuhi nikawasha jiko. Saa nne hivi wakaja maafisa wawili wakaniuliza cheti cha kupimwa korona cha kila mfanyakazi, sikuwa na hata kimoja, nikafunga. Nyanya zikaoza. Wafanyakazi watatu walipimwa, majibu yakachukua siku nyingi kurudi, na nilifungua tena katikati ya Mei, wakati jirani yangu mwenye alikuwa ameandika masharti kwa daftari na kuuliza mapema alikuwa ashapata wateja wangu wote wa asubuhi.

Kwa hivyo wakati bado umefungiwa, ndio wakati wa kufanya makaratasi. Leseni ya biashara, vyeti vya afya vya wenye wanashika chakula, majina na namba za simu za wafanyakazi, risiti za maji, vyote kwa faili moja ya plastiki ikae karibu na mlango. Ukiulizwa unatoa. Askari akiona faili hata sauti yake inabadilika, hii nimeiona kwa macho.

Halafu pima chumba. Hii watu wengi waliruka wakaishia kubishana. Masharti ya hoteli yalisema watu wanne kwa kila mita 10 za mraba na mita moja na nusu kati ya mteja na mteja, mlangoni upimwe joto na mwenye amezidi 37.5 asiingie, hakuna kujipakulia, na saa kumi jioni umefunga. Sasa chukua tepu ya fundi upime pale watu wanakaa, usihesabu jikoni. Kwangu ni mita 5 kwa mita 4, hiyo ni 20, kwa hivyo watu wanane. Hoteli yenye ilikuwa inakalisha 24, wanane! Nilikaa chini kwa benchi nikaangalia hiyo namba kwa muda. Lakini ukishajua namba unaweza kufanya kazi nayo: tulitoa mabenchi marefu tukaweka viti vya plastiki, tukabandika soltepu nyekundu kwa sakafu kila mahali kiti kinakaa, mtu akikivuta karibu na rafiki yake soltepu inabaki ikionekana na hakuna haja ya kugombana, unaonyesha tu na kidole.

Ukijua ni wanane utajua pia kwamba hoteli haitaishi kwa viti. Chakula cha kubeba ndicho kilinilipia nyumba. Nunua vyombo vya kubebea kabla ya tangazo, juu siku ya tangazo bei inaruka. Weka namba ya malipo kwa bango kubwa mlangoni, wakati huo kutumiana pesa chini ya shilingi 1,000 kwa simu kulikuwa bure hadi mwisho wa 2020 na wateja wa chapo mbili na chai walizoea hivo. Kuna nafuu zingine serikali ilitoa na watu wadogo hawakuzichukua, kwa mfano kodi ya mauzo ya biashara ndogo ilishushwa kutoka asilimia 3 hadi 1, lakini kama hujasajiliwa utasikia tu kwa redio. Uliza mapema. Na ongea na mwenye nyumba kabla deni lifike miezi miwili, nenda na daftari la mauzo mkononi, usiende na machozi peke yake.

Kitu kingine, hesabu usafiri wa wafanyakazi. Matatu ya watu 14 ilikuwa inabeba 8, nauli ikapanda, na kafyu ikikupata stejini hakuna mtu atasikia ati ulikuwa unaosha sufuria. Mpishi wangu alikuwa anatoka mbali, ikabidi tubadilishe, aje alfajiri aondoke saa nane, na wa karibu afunge.

Na usitupe soltepu. 26 Machi 2021, wakati sote tulikuwa tumeshaanza kusahau, kaunti tano zikafungwa tena, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, kafyu ikarudi saa mbili usiku, baa zikafungwa na hoteli tukaambiwa ni chakula cha kubeba tu hadi mwanzo wa Mei. Mwenye alikuwa amekopa kupanua hoteli Februari hiyo aliumia sana. Ushauri wangu ni usichukue mkopo mkubwa ama kukodisha chumba cha pili hadi miezi sita ipite bila kufungwa tena.

Sasa shule, na hapa nitakaa kidogo juu hapa ndio roho yangu iko.

Baa Kenya zilifunguliwa 29 Septemba 2020. Mtoto wa kwanza alirudi darasani 12 Oktoba. Sisemi wenye baa hawana watoto wa kulisha, wako nao, lakini nchi ikifungua pombe kabla ya darasa imekosea mpangilio na nitasema hivo popote. Mwezi wa saba waziri wa elimu George Magoha alikuwa ametangaza mwaka wa masomo umepotea, hakuna KCPE (mtihani wa kumaliza shule ya msingi wakati huo) hakuna KCSE (wa kumaliza sekondari) hadi mwaka ujao. Majirani zetu Tanzania walirudisha vyuo na kidato cha sita 1 Juni na shule zote 29 Juni 2020, na Uganda wakakaa hadi 10 Januari 2022 ndio wakafungua zote, karibu miaka miwili mtoto ako nyumbani. Ugonjwa ni mmoja, maamuzi ni tofauti kabisa. Kwa hivyo usidhani ni virusi peke yake vinaamua shule ifunguliwe lini, ni watu, na watu wanaweza kuambiwa. Kama uko kwa bodi, andika barua kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo useme shule yenu iko tayari kwa nini na haiko tayari kwa nini. Sisi hatukuandika, tulingoja.

Tena tulingoja vibaya, manake tangazo lilitoka 6 Oktoba, Jumanne, na watoto wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walitakiwa shuleni Jumatatu inayofuata. Siku sita! Nyasi ilikuwa imefika madirishani, tangi halikuwa na maji, na ufunguo wa darasa moja ulikuwa na mwalimu mwenye ashaenda kwao ushago. Kwa hivyo shule ikiwa imefungwa, mtu wa bodi aingie mara moja kwa mwezi, afungue kila mlango, afungulie kila mfereji, aandike kilichoharibika.

Pima darasa pia. Darasa letu ni mita 7 kwa 8 na lilikuwa na watoto 58. Tulipoweka mita moja kati ya mtoto na mtoto tukapata safu sita za watano, yaani 30. Oktoba ilitosha juu ni madarasa machache yalirudi, tukagawa. Lakini Januari 4 walipokuja wote haikuwezekana, na Magoha mwenyewe alikubali umbali hautawezekana kwa shule nyingi, akasisitiza maski. Sasa mkishajua umbali hautoshi msikae kuhuzunika, tieni nguvu kwa vitu vingine vitatu: madirisha yafunguke yote (yetu mengi yalikuwa yamekwama na rangi, fundi alichukua siku mbili na patasi), masomo mengine yaende chini ya mti, na maji yawe karibu na kila darasa. Maji si lazima tangi la bei, mtungi wa lita 20 wenye mfereji kwa meza unatosha, ama ule wa kukanyaga kwa mguu. Kuna kijana wa miaka 9 Bungoma alitengeneza wa mbao mwaka huo hadi akapewa tuzo na Rais. Maski mshonee nyingine za akiba, kila asubuhi kuna mtoto atafika bila, na kumrudisha nyumbani ni kumpoteza.

Ratiba ya kufidia muda pia iangalieni kwa huruma. Tulipewa mihula minne kwa mwaka mmoja, likizo za wiki moja, kalenda ikarudi sawa Januari 2023. Watoto walichoka, walimu wakachoka, na Oktoba na Novemba 2021 mabweni yakawa yanachomwa huku na kule hadi wakapewa mapumziko. Msijaze kila Jumamosi masomo ya ziada. Wachezeshwe.

La mwisho ndilo gumu, watoto ambao hawarudi. Siku ya kwanza msiangalie wenye wamekuja, angalieni rejista ya Machi kabla ya kufungwa, jina kwa jina, muandike wenye hawapo. Machifu na wazee wa Nyumba Kumi waliambiwa wawatafute, lakini chifu hajui sura za watoto, mwalimu wa darasa ndiye anajua, kwa hivyo waende pamoja. Darasa la nane letu lilikosa watano. Wawili walikuwa kwa machimbo ya mawe wanalipwa kwa siku, tulikaa na baba yao jioni mbili ndio akakubali. Wasichana wawili walikuwa wajawazito na wazazi walifikiri hawaruhusiwi tena, kumbe sheria inawaruhusu kurudi, mwambieni mzazi hivo wazi wazi, mtoto akiwa amekaa hapo anasikia, na mkubaliane nani atabaki na mtoto mchanga wakati wa mtihani. Wote wawili walifanya KCPE Machi 2021. Hiyo orodha iwe imefika kwa chifu kabla wiki ya kwanza iishe. Yetu ilifika wiki ya tatu, na yule wa tano alikuwa ameshapelekwa kazi ya nyumba mji mwingine, namba ya mamake haikushika tena.