Kafunksheni ka kusafisha namba za simu, na jinsi ya kukashea bila kuwatesa wenzako

Juzi kati nilikuwa natuma SMS za kikumbusho kwa kikundi cha vikoba, namba nimepewa na mweka hazina kwenye Excel, nikabonyeza tuma nikaenda zangu kunywa chai. Narudi nakuta karibu nusu zimegoma. Kufungua faili ndo naona vituko: huyu 0712 000 000, yule +255712000000, mwingine 712000000 maana Excel imekula sifuri ya mbele, na kuna mama kaandikiwa namba mbili kwenye kiboksi kimoja na slashi katikati. Sasa haka hapa ndo dawa yake, kwa Python, kachukue.

Hatua ya 1: kaandike

```python
import re

def safisha_namba(namba, nchi="255", mwanzo="67"):
    n = re.sub(r"\D", "", str(namba)).lstrip("0")
    if n.startswith(nchi):
        n = n[len(nchi):].lstrip("0")
    if len(n) == 9 and n[0] in mwanzo:
        return nchi + n
    return None
```

Mstari wa kwanza wa ndani unafuta kila kisicho tarakimu (nafasi, vistari, alama ya kujumlisha), halafu unang'oa sifuri za mbele. Kama 255 ipo tunaitoa, na hapo tunang'oa sifuri tena kwa sababu kuna watu wanaandika +255 0712, sijui nani aliwafundisha. Kikibaki kitu cha tarakimu 9 kinachoanza na 6 au 7, hiyo ni namba ya mkononi ya Tanzania, tunairudishia 255 yake.

Kisipotimia inarudi None (yaani hakuna jibu), na hapo msiniguse. Najua utatamani kuikatakata ile ya slashi uchukue namba ya kwanza, ila ukikisia vibaya SMS ya deni la mtu inaenda kwa jirani. Bora ikatae, wewe ukae na orodha ya zilizokataliwa umpigie mweka hazina.

Hatua ya 2: kajaribu, na majaribio yakae hapo hapo chini yake

```python
assert safisha_namba("0712 000 000") == "255712000000"
assert safisha_namba("+255 0712-000-000") == "255712000000"
assert safisha_namba(712000000) == "255712000000"
assert safisha_namba("0712000000/0655000000") is None
assert safisha_namba("2.55712E+11") is None
```

`assert` inakaa kimya jibu likiwa sawa, likikosea inagoma. Hiyo ya mwisho siyo utani, namba ya tarakimu 12 Excel inaionyesha hivyo, na ukisevu kama CSV (faili la maandishi matupu) ikiwa vile vile basi tarakimu za mwisho zimeshapotea, hakuna kodi (code) itakayozirudisha.

Hatua ya 3: usome faili vizuri

Hapa nilipoteza jioni nzima. Ukitumia pandas (maktaba ya Python ya kusoma majedwali) na kuna kiboksi kimoja kitupu kwenye safu yenye tarakimu tupu, safu yote inageuka desimali, 712000000 inakuwa 712000000.0, ile nukta inafutwa, zinabaki tarakimu 10, na kila namba inakataliwa. Ukisoma faili weka `dtype=str` yaishe:

```python
import pandas as pd

df = pd.read_csv("wanachama.csv", dtype=str)
df["safi"] = df["simu"].map(safisha_namba)
```

Wa Kenya badilisha tu: `safisha_namba(x, "254", "17")`, maana siku hizi kuna namba za 01 pia. Burundi hakatafanya kazi, namba zao ni tarakimu 8, itabidi uguse ile 9.

Hatua ya 4: sasa kashee

Usitume picha ya skrini jamani, nani ataanza kuchapa upya `\D`? WhatsApp nayo inaweza kukuharibia alama, nyota zinageuka maandishi mazito. Weka kwenye GitHub Gist (sehemu ya mtandaoni ya kuweka vipande vya kodi), jina la faili lijieleze lenyewe, `safisha_namba.py`, siyo `test2_final.py`. Juu andika mstari mmoja kanafanya nini na leseni, MIT inatosha, maana kodi isiyo na leseni mtu makini wa kampuni anaogopa kuigusa.

Na mifano iwe ya kubuni. Mi nilishapandisha faili lenye namba za wanachama wenyewe, nikashtuka nikafuta ile mistari nikasevu, kumbe gisti inatunza matoleo yote ya nyuma, mtu anabonyeza tu historia anaziona zote, na hata gisti ya siri inafunguka kwa yeyote mwenye linki. Ikabidi nifute gisti nzima, nianze upya na 0712 000 000.